Mwaka 1905 Ulivyonifundisha Kutunga

Nina steshenari Mbagala, upande wa Zakhem. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, nafunga ripoti za wanachuo. Alasiri wateja wakipungua naifungua riwaya yangu kwenye kompyuta hiyohiyo. Inaanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi na inaishia kwenye mavuno ya mwaka 1908. Barabara inayopita mbele ya duka ni Barabara ya Kilwa. Ukipanda basi la kusini pale Rangi Tatu, ukapita Mkuranga na Kibiti, ukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, umeshaingia katika nchi ya hadithi yenyewe. Ni mwendo wa asubuhi moja. Ukaribu huo ndio uliofanya nianze kuandika habari za Vita vya Majimaji badala ya kuzisoma tu.

Vijana wanaotunga huja dukani kuchapa miswada yao, na wanaotaka kuandika habari za zamani wengi wana hofu moja, kwamba historia itawafunga mikono. "Dada," aliniambia mmoja, "nikifuata tarehe zote hadithi itageuka notisi za kidato cha pili." Namjibu hapa kwa urefu, maana dukani kuna mtu anasubiri kopi na mazungumzo hukatika. Kwangu mimi imekuwa kinyume kabisa. Kila kisa kilipogoma kusonga, kilichokisukuma ni jambo lililotokea kweli, tena mara nyingi jambo dogo ambalo wenye kuandika vitabu vya historia walilitaja kwa sentensi moja wakaenda zao.

Chukua pamba. Shuleni sababu za vita hivi tulizikariri kwa mpangilio: kodi, kazi za kulazimishwa, ukatili wa maakida na majumbe, kilimo cha pamba. Zote ni za kweli, lakini zikishapangwa hivyo hazimwinui mtu kitini. Mtunzi anataka kujua kwa nini Julai. Kwa nini si Machi, kwa nini si miaka miwili nyuma, ilhali mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja gavana wa Wajerumani, von Götzen, aliuanzisha mwaka 1902, na uliigusa Uzaramo hii tunayokaa kabla ya kusambaa kusini? Jibu nililipata kwenye kalenda ya mkulima. Mwezi wa saba masika yameshapita na njia zimekauka. Mtama na mpunga umeingia ghalani. Na siku hizohizo pamba inapasuka na inataka kuchumwa. Mtu aliyetoka kuvuna chakula chake anaitwa akainame tena kwenye shamba la jumbe, achume zao lisiloliwa, kwa malipo madogo kiasi kwamba wapo waliokataa hata kuyapokea. Chakula kipo, mguu unapita popote, na kazi ya kudhalilisha ndiyo inaanza. Hapo ndipo watu wa Nandete walipoingia shambani na kung'oa mipamba. Mashina machache tu, wanasema wazee waliosimulia, yatoshe kutangaza vita. Ngoma zikafuata, na watu wakamwendea akida wa Kibata.

Kwa hiyo sura yangu ya kwanza haikuhitaji mzungu mwenye kiboko akitokeza mlangoni. Nilikuwa na msichana, mama yake, na mjomba aliyewekwa kusimamia shamba la jumbe. Ugomvi wao ulikuwa umeshaandaliwa na msimu: nani aende kuchuma pamba siku ambayo mtama wa nyumbani bado unapurwa? Mjomba anaogopa fimbo ya akida. Mama anaogopa mvua isiyotarajiwa kuukuta mtama uwanjani. Wote wawili wana haki, na ukishakuwa na watu wawili wenye haki ndani ya ua mmoja, una hadithi.

Kalenda ya pili nilifundishwa na mzee jirani yangu, mwalimu wa madrasa aliyestaafu, mtu wa Rufiji. Nilikuwa kwenye sehemu ngumu. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya kukinga watu na risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinawaka. Wahusika wangu wawili wako Mohoro siku hiyo, na jioni wanaondoka kupeleka habari kwao. Nilimsomea Mzee rasimu barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, mwezi ulikuwa wapi?"

"Mwezi upi, Mzee?"

"Huu wa mbinguni. Watu wanatembea usiku. Wanaona njia au hawaoni?"

Akaomba kalamu. Mwaka 1905 uliingiliana na mwaka 1323 wa Hijria. Akahesabu kwa miezi yetu ya pwani, Mfungo Nne, Mfungo Tano, mpaka akafika: tarehe 4 Agosti ilikuwa katika siku za kwanza za Mfungo Tisa. Mwezi mchanga, mwembamba. Unaonekana magharibi jua likishatua, na baada ya isha umeshazama. "Basi wanapata mwanga wa kufika mtoni," akasema, "halafu giza. Na mto ule una mamba na viboko. Hawavuki."

Hawakuvuka. Niliwaweka ukingoni mpaka alfajiri, karibu na mahali walipomwona mtu wao akinyongwa, hawawezi kurudi wala kwenda mbele. Kwa kuwa hawawezi kwenda, ikabidi wazungumze, na katika mazungumzo yale mmoja anasema kwa mara ya kwanza kwamba hajui kama maji yanafanya kazi. Huo ndio usiku ninaoupenda kuliko sura zote nilizoandika, na umetokana na hesabu ya mwezi.

Tangu siku ile siandiki usiku wowote kabla sijajua mwezi. Shambulio kubwa la boma la Mahenge lilikuwa tarehe 30 Agosti 1905. Hesabu ileile inakwambia kwamba mwezi ulikuwa umekwisha, kwa hiyo waliolala porini kusubiri asubuhi ile walilala kwenye giza totoro. Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa Oktoba, vita vikiwa vimeenea. Ile ya mwaka uliofuata iliingia katikati ya Oktoba 1906, na kwa wengi wa kusini haikuwa na futari. Mtu wa pwani aliyefunga mwezi mzima katika nchi isiyo na chakula anawaza nini magharibi ikiingia? Swali hilo ni la mtunzi, si la mwanahistoria, lakini nisingelifikia bila tarehe.

Vitu vingine nitavipita haraka, maana kila mtunzi anaweza kuvitafuta mwenyewe. Pesa: rupia ya Wajerumani ilikuwa ikigawanywa kwa pesa 64 mpaka mwaka 1904, kisha ikawa heller 100. Mwaka 1905, basi, mama wa makamo angali anahesabu kwa pesa, karani anahesabu kwa heller, na katikati ya hesabu hizo mbili mtu anaweza kupunjwa huku akitazama. Shilingi ni ya Waingereza, ilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Reli ya Kati: mwaka 1905 ndiyo kwanza inaanza kujengwa kutokea Dar es Salaam, na Morogoro ilifika mwaka 1907, kwa hiyo hakuna anayekimbia vita kwa treni. Mjomba anapofika Dar es Salaam na mzigo kichwani anaona minara ya makanisa ya mbele ya bandari, ile tunayoiona hadi leo tukisubiri pantoni ya Kigamboni, lakini haoni sanamu ya Askari pale mjini kati, maana ilizinduliwa mwaka 1927. Msomaji wa Dar es Salaam anaujua mji wake. Akikuta kitu kimesimama kabla ya wakati wake, anaacha kukuamini hata pale unaposema kweli.

Watu wenye majina ndio wanaotaka uangalifu mkubwa zaidi. Kila anayesikia kwamba naandika Majimaji anauliza nimemfanyaje Kinjikitile. Kumbukumbu zinampa mtunzi mengi: mwaka 1904 huko Ngarambe alichukuliwa na pepo, akaingia katika bwawa la mto, ndugu zake wakamtafuta wasimwone, kesho yake akatoka na nguo zake zikiwa kavu. Watu wakamiminika kwake kuchukua maji. Ni kisa kilichokamilika, na mtunzi ana kishawishi cha kumsogelea mtu huyo, kumweka kitandani usiku, kumpa mashaka na mke na ndoto.

Ebrahim Hussein alimtungia tamthilia mwaka 1969, na katika dibaji alimwambia msomaji wazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani asichukuliwe kuwa ndiye mtu yule wa historia. Nimejifunza mengi kwa tamko hilo. Ni uaminifu wa mtunzi kumweleza msomaji mlangoni kabisa aina ya nyumba anayoingia. Hussein alikuwa na haki na uwezo wa kumsimamisha jukwaani. Mimi nilichagua njia nyingine: katika riwaya yangu Kinjikitile hasemi neno, na hakuna mhusika wangu anayemwona isipokuwa siku anayonyongwa, tena kwa mbali.

Sababu ni kwamba hivyo ndivyo watu wengi walivyomjua. Habari zake zilitembea kwa njwiywila, ule mnong'ono wa Umatumbi wa mdomo kwa sikio, ulioita watu waende Ngarambe bila akida kujua. Anayepokea hasikii tangazo, anasikia sauti ya shemeji yake, ya mwenzake wa kisimani, na kila anayepokea anaipitisha akiwa ameongezea hofu yake au tumaini lake. Nikaupa muswada mwendo huo. Kila sura inafunguliwa na habari inayofika kwa mdomo wa mtu fulani, na msomaji hana pa kusimama penye uhakika zaidi ya hapo. Historia ilinikabidhi umbo la riwaya bure. Nisingelibuni mimi.

Na nimejiwekea sheria. Mtu ambaye jina lake limo katika kumbukumbu simtilii maneno mdomoni, wala simbebeshi dhambi asiyoshuhudiwa nayo. Nikitaka mtu asaliti, au apende mke wa mwenziwe, au aibe mbegu za jirani, namzaa mwenyewe na kumpa jina langu. Watu wale wana wajukuu na vitukuu. Wanapanda basi lilelile la kusini na wengine wanatoa kopi kwangu.

Kuna swali ambalo vijana huliuliza kwa kicheko kidogo: hivi kweli waliamini risasi itageuka maji? Hapo mtunzi lazima asimame imara. Walikuwa watu wa makabila mengi yasiyo na mfalme mmoja, Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine, kila ukoo na mizimu yake. Ili wote wasimame pamoja walihitaji kiapo kilicho juu ya mizimu ya ukoo wowote, na maji ndiyo yaliyokuwa kiapo hicho. Mtu aliyeyanywa alikuwa amefungwa na mwenzake aliyeyanywa bonde la pili, ambaye hajawahi kumwona. Ukiandika hivyo, kijana anayeelekea bunduki za rashasha pale Mahenge si mjinga. Ni mtu aliyeweka ahadi na anaitimiza mbele ya wenzake. Naliona hilo ni zito kuliko ushujaa wa sinema, na ndilo ninalotaka mtoto wangu alielewe.

Upande wa pili ni wa askari. Msomaji wetu akisikia Wajerumani anaona sura nyeupe. Maofisa walikuwa Wajerumani, ndiyo, lakini waliobeba bunduki wengi wao walikuwa Waafrika: Wasudani walioletwa, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na watu wa pwani. Anayewasha paa la ghala, mara nyingi, ni kijana mweusi mwenye mshahara na mama anayemsubiri. Nimemwandika mmoja. Nimempa mama, nimempa deni, nimempa wimbo anaopenda, kisha nimempa kiberiti. Miongoni mwa wanaosoma muswada wangu wapo waliokasirika, wakataka awe amelazimishwa, au atoroke kabla ya kuchoma. Sikukubali. Wenye wazee waliovaa ile sare wapo mji huu, na wengi hawajawahi kuona sehemu hiyo ya ukoo ikiandikwa na mtu anayewatakia mema.

Sasa nifike kwenye ghala.

Shangazi wa mume wangu, mtu wa Kibiti, alikaa kwetu kipindi cha matibabu yake mjini. Jioni nilikuwa nikimsomea. Nilikuwa nimefika kwenye mapigano, risasi na moshi, na nilikuwa nayasoma kwa sauti ya juu. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Mama, hivyo vita mimi bibi yangu hakunisimulia bunduki. Alinisimulia ndiga."

Ndiga ni kiazi cha porini. Kina sumu. Aliniambia bibi yake alivyofundishwa na mama yake: unakichimba, unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unakiweka kwenye kikapu na kukilaza kwenye maji yanayotembea, siku baada ya siku, mpaka uchungu utoke. Ndipo unakianika, unakitwanga, unakipika. Mtu akishikwa na njaa hawezi kungoja. Anakipika siku ya pili, na watoto ndio wanaotangulia kufa, maana miili yao midogo. Shangazi alinisimulia haya akiwa amenyoosha miguu mkekani, kwa sauti ya mtu anayeeleza mapishi. Hakutaja mwaka, hakutaja gavana. Alitaja mto, jina la mto.

Nilipolinganisha maneno yake na yale yaliyoandikwa, yalikaa pamoja bila kulazimishwa. Mwaka 1905 Kapteni Wangenheim, ofisa wa jeshi la Wajerumani, aliandika kwamba ni njaa na ufukara tu ndivyo vitakavyowaleta watu kwenye utii wa mwisho, na kwamba mapigano peke yake yatakuwa tone baharini. Na ndivyo ilivyofanywa. Waliacha kuwinda wapiganaji milimani, wakaendea vijiji: wakachukua chakula walichoweza kubeba, wakachoma kilichobaki, wakazuia watu wasilime. Ghala lile lililokuwa limejaa Julai, lililowapa watu ujasiri wa kuanza, ndilo lililolengwa. Mvua za kupanda zilipokuja hapakuwa na mbegu, na palipokuwa na mbegu hapakuwa na mikono.

Hapo ndipo muswada ulipobadilika uzito. Mapigano yamebaki na kurasa zake, lakini zaidi ya nusu ya kitabu sasa ni njaa, na wanaokibeba ni wanawake. Kilele cha riwaya si boma kuanguka. Ni mama yule wa sura ya kwanza akiwa na kibuyu cha mbegu za mtama alichokifukia chini ya mafiga kabla askari hawajafika. Ni mwaka 1906, mawingu yamejikusanya, na mtoto mdogo ana siku mbili hajala. Akizipika mbegu, leo wanakula na mwakani hakuna shamba. Akizipanda, inabidi mtoto afike mpaka mavuno. Sijawahi kuandika kitu kilichonichosha mwili namna ile. Mteja aliingia akataka kopi ya kitambulisho, nikamhudumia machozi yakinitoka.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hadithi zetu za vita huishia kwenye kitanzi au kwenye bendera. Nadhani ni kwa sababu bunduki ina siku yake na tarehe yake, na njaa haina. Ripoti ya ofisa inaandika kijiji kilichochomwa, siku yake, na chakula kilichochukuliwa, kwa mistari michache. Mafaili ya serikali ya Wajerumani yapo Upanga, Nyaraka za Taifa, na ukurasa mmoja wa mwandiko ule wa kale wa Kijerumani unatosha kumkimbiza mtu asiye na msaidizi. Upande wa pili ziko simulizi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa makwao kuwahoji wazee waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita, katika mradi wa utafiti wa Majimaji. Wazee wale leo hayupo hata mmoja. Wanafunzi wale waliwawahi, na kila ninaposoma kazi yao nawaombea dua, maana waliuliza mzee alikula nini, alijificha wapi, nani alimbeba mgongoni. Ofisa anakupa siku ya moto. Mzee anakupa harufu ya mtama unaoungua. Ukiwa na vyote viwili unaweza kuandika ukurasa wenye mtu ndani yake.

Hata idadi ya waliokufa ni jambo la kuamuliwa. Hesabu ya serikali ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyezunguka Umatumbi akikusanya simulizi, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi mno kati yao waliuawa na njaa na magonjwa yake. Wahusika wangu hawajui namba yoyote kati ya hizo, kwa hiyo haziingii vinywani mwao. Msichana wangu, aliyekwisha kuwa mkubwa, anapita njia ya kwao na kutaja nyumba kwa majina ya wenyewe, moja baada ya nyingine. Nilizitaja zote. Mhariri wangu alitaka zipunguzwe, nikamwomba ziachwe.

Na nchi yenyewe ilibadilika. Mahali palipokosa watu, pori lilirudi, tembo na nguruwe wakashuka mashambani, mbung'o wakafuata. Waingereza baadaye walipanua hifadhi ya wanyama katika nchi hiyo, wakaipa jina la Selous, mwindaji aliyeuawa Beho Beho Januari 1917, na miaka ya 1940 Wangindo waliokuwa wamebaki ndani wakahamishwa. Tangu 2019 sehemu kubwa yake ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wageni wanaruka kutoka uwanja wa ndege wa hapa Dar es Salaam kwenda kuona pori ambalo halijaguswa na binadamu, na vijana wetu wanaowaongoza hurudia maneno hayo. Mimi nataka kitabu changu kiwafikie vijana hao. Chini ya baadhi ya nyasi zile palikuwa na mafiga.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akakutana na wazao wa Chifu Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha. Dukani tulitazama kwenye simu. Kijana mmoja, mwanachuo, akauliza anaomba msamaha wa nini hasa. Mwenzake akajibu, "Waliwanyonga machifu." Ni kweli, na ni sehemu. Nikawaeleza habari za ghala, na za mbegu, na za ndiga. Walisikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza nikitaja tarehe, na tarehe zote zilikuwemo ndani ya nilichowaeleza.

Muswada sasa umekamilika, na niko kwenye maelezo ya mwisho, yale ya mtunzi kumwambia msomaji kipi ni kipi. Nimeandika kwamba Nandete, Kibata, Ngarambe, Mohoro na Mahenge ni mahali halisi, na kijiji cha msichana wangu nimekitunga. Kwamba Kinjikitile, von Götzen na Wangenheim waliishi, na mama mwenye kibuyu hakuishi kwa jina nililompa. Kwamba giza la usiku wa Mohoro ni la hesabu ya Mfungo Tisa. Nimeweka hesabu zote mbili za waliokufa na aliyezitoa kila moja. Na nimeeleza kwamba namna ya kutayarisha ndiga nimeipata kwa mama mmoja wa Kibiti, ambaye aliniruhusu kuichapa kwa sharti kwamba nisije nikaandika mahali popote kuwa watu waliizoea.